Sifuri Nukta Sita

Kazini kwake walimwita Sifuri Nukta, na jina lilimkaa kama nguo aliyopimiwa. Kampuni ilikuwa ndogo, vyumba vitatu juu ya duka la vigae, na kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta na kuijaribu mitambo ya umeme wa jua kabla haijafungwa. Alichora paa, akachora ukuta, akachora mpaka mti wa jirani unaotupa kivuli saa kumi jioni. Alipanga paneli na betri, kisha akaiambia programu ikokotoe mwaka mzima, saa kwa saa, jua lichomoze na kuzama mara mia tatu na sitini na tano ndani ya kioo huku yeye anamalizia chai yake. Mwisho programu ilitoa jibu: mtambo huu utatosha, au mtambo huu utawaacha watu gizani.

Ndani ya programu ile kuna ukurasa ambao mafundi wengi huupita mbio bila hata kuutupia jicho. Una vijisanduku kumi na viwili, kimoja kwa kila mwezi, na humo unaandika mwakisiko wa ardhi, yaani ardhi iliyo chini ya paneli inarudisha juu kiasi gani cha mwanga unaoiangukia. Programu huja imejazwa sifuri nukta mbili kila mahali, kwa maana ya sehemu mbili katika kumi. Ukikaa kimya, nayo inakaa kimya. Lakini huyu mama hakuwa mtu wa kukaa kimya. Udongo mweusi uliolowa, sifuri nukta moja. Majani mabichi, sifuri nukta mbili. Mchanga mkavu, sifuri nukta tatu na ushee. Alitaka kila mwezi uandikwe peke yake, na aliwahubiria wenzake mpaka wakawa wakimwona anakuja wanavaa visikizio.

Siku moja mwenzake aliteleza kidole kwenye orodha akachagua "theluji mpya" kwa mtambo wa shule, katika nchi ambayo barafu iko ndani ya friji tu. Umeme ukatoka wa kulisha mji mzima. Ofisi ilicheka hadi watu wakashika mbavu. Yeye hakucheka. "Cheka," alimwambia. "Ungeituma hiyo, wanafunzi wangesoma kwa mishumaa, na wewe uko kwako umelala."

Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba alichokuja kukifanya hakukifanya kwa kutojua. Watu wa kutojua tunawasamehe haraka. Huyu alijua kuliko wote.

Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa na miaka sita, na aliyemchukua ni mama mkubwa, dada wa marehemu. Alimlea pamoja na wanawe watatu, sahani moja, kitanda kimoja, na fimbo za haki bila upendeleo. Mama mkubwa huyo alifanya kazi miaka ishirini na minane katika kiwanda cha magunia, katika chumba ambacho vumbi la nyuzi lilining'inia hewani kutwa nzima, na alipostaafu alitoka na mapafu yaliyochakaa kuliko mashine alizoziacha. Wanawe walikwishatawanyika, mmoja hajulikani hata aliko. Kwa hiyo mzigo ulikuwa wa Sifuri Nukta, ingawa ukiuita mzigo mbele yake mnagombana.

Mgonjwa alilazwa kwenye zahanati ya pembezoni mwa mji, katika chumba cha nyuma chenye vitanda viwili. Kitanda cha kwanza chake. Cha pili cha fundi cherehani mmoja, mke wa mlinzi wa zahanati hiyohiyo, naye mapafu yalikuwa yamemgomea. Wote wawili walipumua kwa mitungi ya oksijeni iliyoletwa na lori kila Alhamisi, barabara ikikubali. Mara mbili barabara ilikataa. Mara ya pili Sifuri Nukta alikuwapo. Aliona kucha za mama mkubwa zikigeuka rangi ya samawati, akamwona mwanamke huyo aliyemlea akifungua kinywa kutafuta hewa kama samaki aliyetupwa mchangani. Lori lilifika saa nane. Tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine duniani: mama mkubwa asikose tena pumzi.

Basi fikiria alivyojisikia meneja wake alipoingia na faili la mradi mpya. Wafadhili walikuwa tayari kufunga umeme wa jua kwenye zahanati moja, pamoja na mashine mbili zinazochuja oksijeni kutoka kwenye hewa ya kawaida, zisizohitaji mtungi wala lori. Zahanati iliyopendekezwa kwanza ilikuwa ileile. Moyo ulimlipuka kwa furaha hata akashindwa kuketi.

Sharti lilikuwa moja. Ripoti ya programu ionyeshe kwamba katika mwaka mzima hakuna hata usiku mmoja ambao mashine zitazimika. Ikionyesha mmoja tu, mradi unahamia zahanati nyingine yenye uwanja mkubwa. Na hapa uwanja ulikuwa kiganja: kati ya ukuta na tangi la maji ziliingia paneli ishirini na nne, ya ishirini na tano ungeiweka kichwani. Walichagua paneli za nyuso mbili, zinazopokea mwanga wa jua kwa juu na ule unaorudishwa na ardhi kwa chini. Kwa hiyo vile vijisanduku kumi na viwili, safari hii, ndivyo vilivyoshika roho ya mradi.

Walikwenda kupima asubuhi moja ya kiangazi, yeye na meneja. Sista, yaani muuguzi mkuu, alikuwa amepewa taarifa kwamba wageni wa mradi wanakuja, na mnajua wageni wakisemwa mambo yanavyokuwa. Vitanda vilitandikwa shuka mpya. Mawe ya njiani yalipakwa rangi. Mlinzi, ambaye pia ndiye mfagiaji na mkata majani, aliambiwa aushughulikie uwanja wa nyuma, naye aliushughulikia kwelikweli. Aling'oa kila jani, akafagia, kisha akachukua chokaa iliyobaki walipopaka wodi na kuimwaga uwanja mzima, kutoka ukuta hadi tangi, mpaka ukawa mweupe unaumiza macho.

Sifuri Nukta alisimama katikati na kipima mwanga chake. Alikielekeza juu, akasoma. Akakipindua kikatazama chini, akasoma. Akagawanya. Sifuri nukta sita.

"Mambo hayo!" Meneja alijipiga paja. "Andika hiyo hiyo kabla haijabadili mawazo."

Yeye alikuwa anatazama viatu vyake. Vilikuwa vyeupe hadi kwenye kamba. Meneja alipogeuka kupokea simu, alikwangua ardhi kwa kisigino, mara moja, mara mbili. Chini ya chokaa ulitokea udongo mweusi tii, ule unaonata na kuota majani kwa siku tatu mvua ikigusa. Aliutazama kidogo. Kisha akasogeza mguu, akaufunika.

Mlinzi alikuwa amesimama kando na kofia mkononi, uso umemjaa fahari. "Tumewapambia, fundi. Mmeonaje?"

"Mmependezesha kweli, mzee," alisema.

Ofisini alijaza kwanza kama alivyozoea: miezi ya mvua sifuri nukta moja, mingine sifuri nukta mbili. Programu ikazunguka, ikatoa jibu kwa rangi nyekundu. Siku kumi na moja, zote za mvua kubwa, betri zingekuwa tupu kabla ya alfajiri. Siku kumi na moja katika mwaka si nyingi. Lori lingeweza kuzifunika siku kumi na moja, ingekuwa kuna mtu anayekubali kusikia jambo la katikati. Lakini sharti halikuwa na katikati.

Alifuta. Akaandika sifuri nukta sita kwenye mwezi wa kwanza, kisha akabonyeza kitufe kinachonakili namba moja kwenye miezi yote, kitufe ambacho kwa miaka tisa alikuwa akiwakataza wenzake kukigusa. Nyekundu ikawa kijani. Kumi na moja ikawa sifuri.

"Bosi," alimwambia meneja alipokuja kuchungulia, "hii ni chokaa. Mvua moja tu, kwisha."

"Ulipima, hukupima?"

"Nilipima."

"Basi. Hujamdanganya mtu. Namba umeikuta."

"Lazima tuweke kokoto nyeupe kabla ya mvua."

"Tutaweka," alisema meneja, kwa sauti ile ya mtu anayejibu ukiwa umeshatoka mlangoni.

Nami nasema: meneja ni meneja, kazi yake ni kusema tutaweka. Tusimsukumie yeye.

Mtambo ulifungwa ndani ya mwezi mmoja, na hakuna mtu mwenye moyo angeweza kuitazama ile miezi iliyofuata akaichukia. Mashine zilinguruma mchana na usiku. Mama mkubwa alirudisha mashavu, akarudisha na mdomo, akaanza kuwasahihisha wauguzi namna ya kukunja shuka. Mke wa mlinzi aliletewa cherehani yake ya mkono, akawa anashona foronya za wodi akiwa kitandani, mrija puani, sindano mdomoni. Wawili hao walitaniana kutwa.

"Ukishona vibaya nakuzimia mashine," mama mkubwa alimwambia.

"Zima uone. Nitakushonea sanda ya viraka."

Kila Jumapili Sifuri Nukta alipokwenda kuwaona, mama mkubwa alimshika mkono na kuwaonyesha wageni wote, hata waliokuja kuchomwa sindano tu. "Mwanangu huyu. Mnaisikia hiyo mashine? Yeye ndiye aliyeniletea hewa." Naye alitabasamu, na tabasamu lilimuuma kama kiatu kipya.

Mwezi wa nne wa mtambo, Sista alimpigia simu. "Fundi, wenzetu wa mitungi wametuandikia. Wanasema ripoti yenu imeonyesha hatuna usiku wa kukosa umeme hata mmoja, kwa hiyo lori letu wamelipeleka kwingine kwenye shida zaidi. Wametuachia mtungi mmoja wa dharura. Ni sawa eti?"

Hapo, msomaji, ndipo penyewe. Kule kwenye kompyuta unaweza kusema mapenzi yalimziba macho, na mimi nitakubali kwa shingo upande. Lakini hapa aliulizwa waziwazi, na mtu aliyekuwa tayari kuamini jibu lolote. Alitakiwa kusema: Sista, wazuieni, kuna siku kumi na moja. Maneno saba tu. Ila ukisema siku kumi na moja utaulizwa umezijuaje, na ukieleza umezijuaje watakuja kung'oa paneli. Alimwona mama mkubwa na kucha zile.

"Ni sawa, Sista," alisema.

Kuhusu kokoto alimkumbusha meneja mara mbili. Mara ya tatu alimkuta ana wageni, akarudi mezani kwake, na hakwenda tena.

Mvua ilianza kwa adabu, kisha ikasahau adabu. Siku ya kwanza ilipiga chokaa ikawa maziwa, ikateremka mfereji mmoja hadi barabarani. Ndani ya wiki uwanja ulikuwa mweusi, ndani ya wiki mbili ulikuwa kijani. Mlinzi alikata majani na majani yakamcheka. Sifuri Nukta ofisini alikaa dirishani badala ya kukaa kwenye kiti, anatazama mawingu, anapiga simu kuuliza betri zimefika wapi. Asilimia sabini. Asilimia hamsini na tano. Siku ya nne ya kutoliona jua aliagiza wazime taa zote, wazime friji ya ofisi, wazime hata redio ya mlinzi. Asilimia thelathini na nane. Alijiambia kesho litatoka. Watu wote hujiambia hivyo.

Siku ya sita, saa mbili asubuhi, Sista alipiga. Hakusalimia.

"Njoo," alisema.

Alifika amelowa chapachapa, na aliposukuma mlango wa chumba cha nyuma kitu cha kwanza alichokiona ni mama mkubwa ameketi, amezungukwa na mito, anapumua kwa mtungi. Alishukuru, kwa sauti, kabla hajageuza shingo. Kisha akakiona kitanda cha pili, godoro limekunjwa.

Sista alimvuta hadi kibarazani. Alikuwa amelia mpaka macho yamevimba. Mashine zilizimika zote mbili kwa pamoja kabla ya alfajiri, alisema. Alipiga simu kwa kila anayemjua, hakuna gari lililoweza kuvuka barabara ile. Mtungi ulikuwa mmoja. Alijaribu kuwapokezana, dakika kwa huyu, dakika kwa yule, wote wakawa wanazidi kuzama.

"Ikabidi nichague," Sista alisema. "Nikajiambia, huyu ni mama yake fundi, ndiye aliyetuletea umeme. Nitamtazamaje usoni? Nikamfunga mama yako. Yule mwingine nilimshika mkono tu. Na mume wake alikuwa getini, nikamwita, akaja akamshika mkono wa pili." Akafunika uso kwa aproni. "Mungu anisamehe."

Akampiga Sista begani polepole, kama mtu anayebembeleza mtoto wa mwingine.

Jua lilitoka siku mbili baadaye, safi, bila haya. Betri zikajaa, mashine zikanguruma tena, na mrija wa mama mkubwa ukarudishwa kwenye mashine. Sifuri Nukta alikuwa ameomba ruhusa kazini, ameketi kando ya kitanda, mlinzi alipoingia kuchukua cherehani ya marehemu. Alikuwa amekonda ndani ya siku tatu. Sare ilimning'inia.

"Pole sana, mzee."

"Asante, fundi." Alianza kuizungushia cherehani kipande cha shuka, taratibu, akifunga ncha. "Ule umeme ulitupa miezi saba. Alishona. Alicheka. Nilitaka nikushukuru, nisiwe mtu wa kusahau." Akafunga fundo la mwisho. "Ila nikuulize. Watu msibani wananiuliza, sina cha kuwajibu. Mlisema hautaisha. Uliishaje?"

Mawingu. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na lilikuwa na ukweli ndani yake, na yule mzee angelipokea kwa mikono miwili akaenda nalo kwake. Alilimeza. Huo uwe wema wake, kama mnamtafutia wema.

"Tuliandika kwamba ardhi ya pale nyuma ni nyeupe," alisema. "Zile paneli zinapokea mwanga juu na chini. Chini zinategemea ardhi izirudishie. Mvua ilipoondoa chokaa, ardhi ikawa nyeusi, zikakosa mwanga wa chini. Betri hazikujaa."

Mlinzi alisikiliza kwa makini, kichwa amekiinamisha. Kisha akaketi juu ya chuma cha kitanda cha mkewe.

"Chokaa ile," alisema, "si niliimwaga mimi?"

"Ndiyo, lakini..."

"Mifuko saba. Niliibeba mgongoni, mmoja mmoja. Yeye alikuwa dirishani hapa, ananicheka, ananiambia umekuwa mweupe kama mzimu." Alivigeuza viganja vyake, akavitazama. "Kumbe nilikuwa namchimbia. Fundi, mimi nilidhani napamba. Kumbe namchimbia mke wangu."

"Hapana, mzee. Hapana." Alipiga magoti sakafuni mbele yake, akaishika ile mikono. "Si wewe. Mimi nilijua ni chokaa. Niliikwangua kwa kiatu, nikauona udongo, nikaufunika. Nilijua itaondoka. Na Sista aliponiuliza habari za mitungi, nilijua pia."

Mzee alimtazama. "Ulijua."

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

Kabla hajajizuia, macho yake yalikuwa yamekwenda kwenye kitanda cha kwanza. Mlinzi akayafuata. Alimwona mwanamke mzee ameketi na mrija puani, mdomo wazi, amesikia kila kitu. Mashine ilinguruma katikati yao.

Mlinzi aliitoa mikono yake, akasimama, akaipakata cherehani. Mlangoni aligeuka, maana alikuwa mtu aliyelelewa.

"Ugua pole, mama," alimwambia mgonjwa, akatoka.

Mwezi huohuo Sifuri Nukta aliwaandikia wafadhili barua ya kurasa mbili. Alijaza upya vijisanduku vyote kumi na viwili, akaambatisha jibu jekundu, akaeleza nani aliandika nini na lini. Kazi yake ilikwisha siku hiyohiyo. Paneli hawakuzing'oa, kama alivyokuwa ameogopa muda wote ule. Walisoma tu, wakaomba lori lirudishwe kwa miezi ya mvua. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Sasa yeye huchora ramani za mabomba ya maji kwa watu wanaojenga, nyumbani, mezani kwake, na hakuna anayemwita Sifuri Nukta.

Mama mkubwa aliishi mwaka mmoja na miezi mitano zaidi. Hakumgombeza hata mara moja. Alikula alichopikiwa, akakubali kuogeshwa, akasukwa nywele, akaitikia salamu zote. Ila "mwanangu" hakumwita tena. Alipotaka maji, au dirisha lifunguliwe, au mto uinuliwe kidogo apate kupumua, alimwita fundi, kama watu wengine wote.